Lori Juu ya Mlango wa Wazazi

Temeke, 1 Machi 1970

Mie Jabiri bin Marijani nilimwona Mjerumani kwa macho yangu haya mawili akilijenga lile ghala jeupe la mtaani kwetu. Alikuwa mwekundu kama kaa aliyetoka chunguni, masharubu yamepinda juu kama usukani wa baiskeli, na alinipa pipi.

Hayo si kweli. Mjerumani alikwishaondoka zamani. Ghala lile alilijenga Mgiriki mmoja aliyetaka mahali pa baridi pa kuweka siagi yake, na mie nilikuwa mtu mzima mwenye ndevu, nawauzia mafundi wake mahindi ya kuchoma. Pipi hakunipa, wala salamu. Ila habari ya Mjerumani nimeisema barazani miaka mingi mno, kuirudisha nyuma sasa ni kazi.

Mwalimu wetu wa kisomo cha watu wazima katuambia kila mtu aandike habari zake za masika haya, na aandike kweli. Kweli nitaandika. Hakusema lazima itangulie.

Naandikia ndani ya lori langu, Bibi Harusi. Tajiri wangu aliniachia alipofunga biashara, nikamwendesha mpaka mashine ikafa. Sasa amekaa uani kwangu juu ya mawe, hana magurudumu, lakini kiti chake kinashinda viti vyote vya ofisi ya chama. Mke wangu Mwanaasha anasema nimeoa wake wawili na anayepika ni mmoja.

2 Machi

Muuguzi kafika. Sista Eufrazia, mtu wa Masasi, mfupi, anatembea kama ana ugomvi na ardhi. Basi lilimshusha barabara kubwa na njia yetu ilikuwa tope tupu, nikambebea kasha lake la bati kichwani hadi kwa balozi wetu wa nyumba kumi, Fakihi. Shingo yangu iliingia kifuani kama ya kobe. Akasema, "Asante sana, mzee. Fadhila hii iko siku nitailipa."

Nikamwambia, "Nitakukumbusha, mwanangu. Mie huwaga sisahau." Akacheka. Hanijui.

Mchana tukampeleka kuliona ghala. Tumepewa liwe zahanati ya wazazi, na sie wenyewe tulitengeneze kwa kujitolea. Lina vyumba viwili, na katikati Mgiriki aliacha kijimlango chembamba ili baridi isitoroke. Sista akasimama pale, akagusa kingo zote mbili kwa viwiko.

"Kitanda kitapita wapi hapa?"

"Kitapita ubavu," Fakihi akajibu.

"Na mama aliyelala juu yake naye apite ubavu?"

Fakihi akakohoa. Sista akasema anataka uwazi mpana, kitanda kipite na watu wa kukisukuma, na yeye akikaa mezani kwake awaone wazazi wote. Usipokuwa tayari Aprili ikiisha, atahamishiwa Tabata. Kule wana nyumba na wanamsubiri.

Mwanangu wa mwisho, Mwamvita, ana mimba, na siku zake zinaangukia mwisho wa masika. Mwaka jana masika kama haya tulimpakia kwenye mkokoteni kumpeleka hospitali, tukakuta bonde limejaa maji. Mtoto akazaliwa palepale, mvua inanyesha, akakaa nasi kidogo, akaondoka. Tulirudi naye kwenye kanga ya mama yake. Hili nitaliandika mara moja tu.

4 Machi

Mvua. Kuku ametaga kwenye kiti cha utingo. Nimemwachia.

7 Machi

Jumamosi ya kwanza ya kujitolea. Tuliofika ni mie, Fakihi, na fundi Kasiani, Mmakonde wa Newala anayejenga nyumba za watu mchana na kuchonga vinyago vyake jioni. Wengine wote walikuwa wagonjwa. Mtaa mzima uliugua saa mbili asubuhi na ukapona saa sita mchana.

Kasiani aligonga ukuta kwa nyundo ili auone. Ukalia *ngoo*, kama mtungi.

"Mtupu ndani," akasema.

Hapo shetani akanikaa begani. Jioni barazani nikasema polepole, kama mtu asiyetaka kusema, kwamba Mjerumani yule wa pipi nilimwona akipanga vitu katikati ya kuta. Vitu gani, wakauliza. Nikasema mie nilikuwa mtoto, sikuelewa. Ila vilikuwa vizito, maana watu wawili walibeba kijisanduku kama hiki.

14 Machi

Haijapata kutokea. Watu walifika kabla ya Fakihi kupiga debe. Walikuja na matindo, mitaimbo, mchi wa kutwangia, na mmoja kaja na gunia, nikamuuliza la nini, akasema la kujikinga na mvua. Wagonjwa wote wa Jumamosi iliyopita walikuwa mbele.

Kasiani alichora kwa mkaa mahali pa kutoboa. Wakatoboa. Ndani ikaonekana siri ya ukuta: kumbe ni kuta mbili za matofali, zimesimama sambamba, na kati yake uwazi wa kuingia mkono mpaka kwenye kiwiko. Ndivyo siagi ilivyokuwa haiyeyuki. Mtu akapenyeza mkono, akapapasa, akapiga kelele, "Nimekishika!"

Fakihi mwenyewe, kiongozi wa chama, alimeza mate.

Mkono ukatoka na gunzi la hindi, jeusi upande mmoja kwa moto.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Hindi langu! Fundi wa Mgiriki kala, katupa humo. Nikalidai gunzi ni mali yangu, na nikapewa. Ninalo hapa juu ya dashibodi.

Lakini wao hawakucheka. Waliamini hazina iko juu zaidi. Kasiani anafoka, "Msipite mstari wa mkaa! Nyie, juu ya mkaa kuna paa la zege!" nani anamsikia. Waling'oa matofali ya huku, wakang'oa ya kule. Walipochoka, juu ya uwazi palining'inia meno ya matofali, na ufa umepanda hadi darini. Kasiani akawatoa wote kwa mtaimbo. Akanikuta mlangoni.

"Mzee wangu, huyo Mjerumani wako nikimkamata..."

"Alishakufa," nikasema.

"Basi nitakamata aliyemfufua."

15 Machi

Ufa umeongezeka. Tumeukingia ukuta kwa boriti: vipande vimepenyezwa ukutani kama sindano kwenye nguo, na nguzo chini ya kila kipande. Sista kapita, kaangalia, kahesabu siku kwa vidole, kaondoka. Afadhali angesema.

20 Machi

Kasiani kaweka linta, mti wa kubeba ukuta juu ya uwazi. Boriti la mkoko, nene kama paja langu la zamani. Akasema ukuta wowote wa Temeke unakaa juu ya boriti na haulalamiki.

23 Machi

Umelalamika. Ukuta wa upande wa ndani umekaa juu ya boriti vizuri, ila ukuta mwenzake wa upande wa mapokezi hauna chochote chini yake, na umeshuka kama mdomo wa mtoto aliyenyimwa. Tofali moja lilimwangukia Fakihi kwenye kiatu. Kasiani alikaa chini, kofia mkononi.

"Nimezoea ukuta mmoja," akasema. "Huu nimeujengea kama mmoja."

Nikamwambia, "Kasiani, wewe Mkristo, hujui mambo haya. Hapo una wake wenza wawili nyumba moja. Umempa kitanda mkubwa, mdogo umemwacha asimame. Ukitaka usalama, kila mmoja apate kitanda chake, na vitoshane."

Mwanaasha alikuwa ameleta uji wa watu wa kazi. Akasema, "Msikilizeni. Ana mke mmoja wa nyama na mmoja wa bati, na wa bati ndiye mwenye kiti."

Watu walicheka sana kuliko nilivyopenda. Lakini Kasiani hakucheka. Alikuwa anapima kwa mkono, huku na kule, huku na kule. "Viwili," akasema. "Vya chuma. Mti utakaotosha upana huu kwa uzito ule hauingii humu."

28 Machi

Fakihi kaenda mjini kuomba chuma. Kaambiwa kipo, kinakuja, kiko kwenye meli. Nikamuuliza meli gani. Akasema, "Mzee Jabiri, usinianze."

Maji ya bonde yamefika kwenye kibanda cha muuza mkaa.

29 Machi

Pasaka. Kasiani kalewa kidogo, kanisamehe. Kesho atakuwa amesahau kwamba kanisamehe.

2 Aprili

Kasiani kaja kunitembelea. Nikafurahi, nikamkaribisha kwenye kiti cha utingo, nikamhamisha kuku. Hakukaa. Aliinama, akaingia chini ya lori, nikaona miguu tu. Akakaa humo muda. Nikasikia anagonga: *ting. Ting.* Chini ya lori lolote kuna mifupa miwili mirefu ya chuma, toka mbele hadi nyuma, inayobeba mashine na mzigo na dereva na uongo wake wote. Dereva huiita chesisi.

Akatoka na kutu kichwani.

"Mzee wangu. Viwili. Sawasawa. Urefu unatosha na unazidi."

"Toka uani kwangu."

"Mzee..."

"Nimesema toka. Na umwambie aliyekutuma kwamba hakuna chuma hapa. Hapa pana Bibi Harusi."

Hakuna aliyemtuma. Najua.

4 Aprili

Simtoi. Simuuzi, simkopeshi.

5 Aprili

Fakihi kaja na maneno ya kujitegemea. Akasema, "Ndugu Jabiri, mali ya mtu ni ya wote." Nikamuuliza lini baiskeli yake itakuja kulala kwangu. Akaondoka. Aliondoka akiendesha, si akikokota.

Nimembebesha saruji lori huyu mpaka Lindi wakati njia ilikuwa mchanga na fisi. Nilikuwa mtu ndani yake. Kijana wa leo ananiona nimekaa barazani nasema uongo, anadhani nilizaliwa nimekaa barazani.

8 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Bonde limefunga, hakuna mtu wala gari linalopita kwenda hospitali. Watu wamesimama ukingoni wanatazama maji kama wanaotazama ngoma.

Alasiri Mwamvita kaja uani, tumbo mbele, kanga kichwani, akapanda kwa taabu akakaa kiti cha utingo. Alikuwa akikaaga hapo akiwa mdogo, tukienda naye Mbagala kuchukua mihogo. Nilidhani katumwa na mama yake. Nikajiweka tayari kwa hotuba.

Hakuhutubia. Alichukua lile gunzi kwenye dashibodi akaligeuzageuza. Mvua inapiga juu ya bati. Kisha akasema, "Baba, kiti hiki kipana."

"Ndiyo. Kimetengenezwa Ulaya."

"Mambo yakiharibika nitazalia humu. Hapavuji."

Akacheka. Ni mwanangu, kacheka kama mie ninavyocheka nikiwa na woga. Nami nikacheka. Tulicheka wote wawili tukitazama kioo, maji yanatiririka juu yake, nje hakuonekani kitu.

Alipoteremka nilimshika mkono. Halafu nikaenda kwa Kasiani bila kofia, mvua yote ikanimalizikia mie. Nikamkuta anachonga. Nikamwambia, "Njoo na msumeno wako kabla sijapata akili."

11 Aprili

Tumemnyanyua kwa jeki yake mwenyewe. Kichwa chake, yaani chumba cha dereva, tumekishusha mzima juu ya mawe, na bado nakaa humo kuandika, ila sasa niko karibu na ardhi kama kuku. Ribiti, ile misumari inayofunga chuma na chuma, zilikataa. Zilipigwa tindo, zikapakwa mafuta, zikatukanwa Kizaramo na Kimakonde. Msumeno ulimaliza meno, tukaazima mwingine. Mwanaasha alisimama pembeni tangu mwanzo. Chuma cha kwanza kilipoachana na mwenzake, alinisogelea akasema kwa sauti ndogo, "Pole, Baba Mwamvita." Hakuongeza neno. Mwanamke yule huwa anaongeza.

Lile bati la nyuma lenye jina nimelibakiza. Liko ukutani kwangu, juu ya kitanda. Mwanaasha kasema sasa mke mwenzake amekuja kulala kabisa.

18 Aprili

Leo niandike vizuri.

Tulibeba chuma cha kwanza toka uani hadi ghalani watu kila upande, matope magotini. Wale wa hazina walikuja tena, bila magunia safari hii. Yule wa gunia alikuwa mbele kabisa. Nilidhani watanisema. Mmoja akasema tu, "Mzee, leo kweli kizito."

Kupandisha ndiko kulikotushinda. Chumba ni kidogo, sindano na nguzo zimejaa njiani, na chuma lazima kiingie kwa pembe, kizunguke, kikae kwenye mabega ya ukuta huku na huku, bila kugusa nguzo hata moja. Kasiani anaamuru. Fakihi naye anaamuru, maana ni kiongozi. Watu wa nyuma wanasukuma, wa mbele wanavuta, chuma kikagonga nguzo ya kati. Nguzo ikateleza. Tulisikia juu *krrr*, na vumbi likashuka kama unga kwenye ungo. Watu wakaachia upande mmoja wakataka kukimbia. Kasiani akaidaka nguzo kwa kifua, akaikumbatia, anaita majina ya watakatifu.

Hapo sikufikiri. Nilisimama mlangoni, nikapiga bodi la mlango kwa kofi mara mbili kama utingo anavyompigia dereva, nikapaza sauti yangu ya barabarani:

"Simamaaa!"

Wakasimama. Nani Dar es Salaam hajawahi kusikia lori likirudi nyuma?

"Rudi! Rudi, rudi, rudi, simama. Kata kulia. Bado. Kata! Nyoosha. Njoo, njoo, njoo taratibu, nafasi ipo, njoo, usiogope... simama!"

Watu wote wale wakawa gari moja. Kichwa kikainuka kwenye jeki, mkia ukafuata. Chuma kikaingia mahali pake kama mtu aliyerudi kitandani kwake. Nikawaita tena na cha pili, chini ya ukuta wa mapokezi. Kila mke na kitanda chake. Kisha mafundi wakapitisha bolti kuvifunga vyuma pamoja, ili mmoja akitikisika mwenzake amshike.

Palibaki nafasi ya vidole kati ya chuma na matofali. Kasiani akasema mti laini utabonyea. Akaenda nyumbani kwake, akarudi na gogo lake la mpingo, lile alilokuwa akiliwekea kinyago kikubwa, analipaka mafuta kila wiki. Akalipasua kabari mbele yetu. Nilitaka kumtania, nikaacha, nikamwokotea kabari. Imeshanitokea mara ngapi maishani? Akazipigilia kabari zote, huku na huku, akaziba kwa saruji.

"Sasa tusubiri iwe ngumu," akasema. Kisha akanitazama. "Sauti hiyo ulikuwa umeificha wapi, mzee?"

"Lindi," nikasema.

25 Aprili

Leo tumetoa nguzo. Sista alikuja, akasimama kando yangu, mikono imefungwa kifuani. Kasiani akapiga ya kwanza, ikaanguka. Ya pili. Alipopiga ya mwisho, chuma kikatoa sauti: *mmmh*, ndefu, ya chini. Watu waliruka nje. Mie sikuruka. Ninaijua sauti ile. Ndiyo aliyokuwa akiitoa Bibi Harusi akipakiwa saruji, kabla hajajituliza na kuondoka.

"Mwacheni," nikawaambia. "Anakubali mzigo."

Hakuna tofali lililosogea. Sista akaenda, akapita katikati ya uwazi, akarudi, akapita tena amenyoosha mikono pande zote na hakugusa kitu. Akasema, "Andikeni Tabata wasinisubiri."

Fakihi akaanza hotuba. Tukampigia makofi ili aache.

3 Mei

Bado mvua. Wazazi wawili wameshajifungua pale, mmoja wa Keko. Nimewaambia watu wa Keko wajue wanazalia chini ya lori la nani.

9 Mei

Mwamvita. Uchungu ulimwanza adhuhuri. Bonde limejaa hadi kwenye miembe, lakini tulitembea tu, mie, mama yake na yeye, njia ya kumaliza sigara moja. Sista akampokea, akampitisha kwenye kitanda cha magurudumu, kikapita katikati bila kugusa. Nami nikafuata. Sista akageuka akaniwekea kiganja kifuani.

"Wanaume mwisho hapa."

"Sista, chuma hicho..."

"Hata kingekuwa cha Mtume. Mwisho hapa."

Nikakaa kwenye benchi la mapokezi. Wameshatundika pazia la kijani, sikuona hata kutu. Wanaume wengine waliniuliza kama nina mtu ndani. Nikasema, "Nina watatu," nikimhesabu na Bibi Harusi. Wakanionea huruma.

Alasiri nikasikia mtoto. Ni msichana, analia kama honi.

14 Mei

Mtoto anaitwa Mwanaheri. Niliomba jina jingine, la Bibi Harusi, nikakataliwa na wanawake watatu kwa pamoja.

Mwalimu wa kisomo kauliza nani ameandika. Nimeonyesha daftari. Kapima unene kwa kidole akasema, "Mzee Jabiri, yote haya ni kweli?" Nimemwambia tangu mstari wa Mgiriki, ndiyo.

Sasa Kasiani anasema Jumatatu anapiga lipu. Akishapiga, vyuma vyangu havitaonekana tena, na watoto watakaozaliwa watadhani ukuta unajibeba. Sawa. Ndivyo linta inavyotakiwa. Ila mie ndiye mtu pekee mtaani aliyetoa lori lake akakatazwa kwenda kuliona.

Ukurasa huu nauchana, nampa Mwamvita, akija kumpimisha mtoto akupe wewe, Sista Eufrazia. Unakumbuka kasha la bati, na tope, na shingo yangu? Ulisema iko siku. Ufunguo wa lori bado ninao mfukoni. Jumatatu asubuhi, kabla Kasiani hajakoroga, chumba kikiwa hakina mzazi, nivutie pazia nisimame chini yake. Nitamgonga kwa ufunguo mara moja tu. Nikisikia sauti yake nitatoka zangu, na mikono nitakuwa nimenawa.